Jinsi ya kuandika ripoti ya mwaka ya ofisa kwa haki: mwongozo kwa kamanda anayeanza

Umekabidhiwa kombania, na kabla hujashika hata majina ya maluteni wako wote, mnadhimu, ofisa wa utawala wa kikosi, anakukumbusha kwamba mwisho wa mwaka kila ofisa aliye chini yako lazima awe na ripoti. Maswali yanayofuata kwa kawaida ni yale yale. Naanzia wapi? Nikimpa daraja la kati nitakuwa nimemharibia? Aliyeripoti juzi namwandika nini? Na kama wote ni wazuri? Nimeyajibu hapa kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, tangu siku unapompokea ofisa hadi karatasi yake inapofika mbele ya bodi ya kupandisha vyeo.

Kila jeshi lina fomu na kanuni zake, na za jeshi lako ndizo zinazokubana. Mifano mingi nimeichukua katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa sababu kanuni yake ya tathmini, AR 623-3, inasomwa na yeyote anayetaka, na kwa sababu limekuwa likibadilisha mfumo wake hadharani.

Kabla ya yote shika hili: wajumbe wa bodi hawamjui ofisa wako. Hawakuwepo kwenye zoezi, hawakumwona usiku ule gari lilipokwama mtoni. Wanasoma karatasi, na karatasi umeiandika wewe. Hatima yake kwa sehemu kubwa inaamuliwa mezani kwako, miezi mingi kabla bodi haijakaa. Na kanda yetu inajua manung'uniko ya vyeo yanaweza kufika wapi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara bora na Waafrika wachukue nafasi za maofisa wa Kiingereza. Ndani ya wiki hiyo hiyo kambi za Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nako kukachafuka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kanuni ya tathmini ya jeshi lako, toleo linalotumika sasa, pamoja na fomu tupu. Isome yote kabla ya kujaza chochote.
- Orodha ya nani anamtathmini nani. Mtathmini wa kwanza ni yule anayempa ofisa amri za kila siku. Wa pili ni mkubwa wa huyo. Kwa luteni wa platuni, wa kwanza ni wewe na wa pili ni kamanda wa kikosi.
- Majukumu ya kila ofisa kwa maandishi, yakiwemo yale ya ziada: michezo, bwalo la maofisa, usalama wa barabarani.
- Tarehe zake: lini aliingia chini yako, lini anakwenda kozi, lini anatimiza muda wa kukaa katika cheo, lini bodi inakaa.
- Daftari la karatasi lenye kurasa kadhaa kwa kila ofisa, linalofungiwa kabatini. Usitumie simu. Humo mtakuwa na majina, tarehe na mienendo ya vikosi, na simu hupotea.

Hatua ya 1: Kaa naye mwanzoni

Jeshi la Marekani linataka mazungumzo haya yafanyike ndani ya siku 30 tangu kipindi cha tathmini kianze, nayo yana fomu yake ya kusaidia. Hata kama kwenu hakuna sharti hilo, lifuate. Mweleze kazi yake ni nini, kisha mkubaliane mambo matatu au manne utakayomdai mwisho wa mwaka. Yaandike, asaini, usaini, kila mmoja abaki na nakala.

Jambo unalomdai liwe la kuonekana. "Kuboresha hali ya magari" haliwezi kupimwa. "Kati ya magari kumi ya platuni, yasipungue manane yanayoweza kutoka kambini wakati wowote" linapimika.

*Angalizo:* usimpe lengo ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Kama vipuri vinatoka makao makuu na havijaja, mdai kile kilicho mikononi mwake: maombi yaliyotumwa mapema, matengenezo ya kinga, madereva waliofunzwa.

Hatua ya 2: Andika mwaka mzima

Ningekuwa na nafasi ya kukusisitizia hatua moja tu, ingekuwa hii. Makamanda wengi hukumbuka Novemba na Desemba. Luteni aliyefanya kazi kubwa Februari akateleza Novemba anaandikwa kama aliyeteleza mwaka mzima, na mwenzake aliyelala hadi Oktoba akaamka kwa ukaguzi anaandikwa kama shujaa. Kinga yake ni daftari.

Kila Ijumaa jioni toa dakika kumi na tano. Andika tarehe, kilichotokea, alichofanya, kilichofuata. Usiandike maoni yako. Mfano:

*12/4. Zoezi la usiku. Redio ya platuni ilikufa saa tano. Alituma mjumbe kwa miguu, akaendelea na mpango. Platuni ilifika mahali pa kukutania kwa wakati.*

*3/6. Ghala la silaha. Hesabu ya risasi haikulingana na kitabu. Aliniletea taarifa mwenyewe kabla mkaguzi hajafika, akapata chanzo baada ya siku mbili.*

Tukio la pili kuna kamanda angeliandika kama kosa, na kosa lipo. Lakini humo humo kuna ofisa anayesema kweli ilhali angeweza kunyamaza, na ukiwa na tarehe na mfuatano wa mambo utayaona yote mawili pale hasira ya siku ile itakapokuwa imepoa.

Andika pia mazingira aliyoanzia. Mmoja alipokea platuni iliyokamilika, yenye sajenti mzoefu. Mwingine alipokea platuni yenye upungufu wa askari na magari yaliyolala juu ya matofali. Mwisho wa mwaka zote mbili zina magari manane yanayotembea, lakini maofisa hao hawakufanya kazi sawa.

Katikati ya mwaka fungua daftari uangalie ni kurasa za nani zilizo tupu. Aghalabu utakuta ni yule uliyempanga kituo cha mbali, au mkimya, au asiyekaa bwaloni jioni. Au wa kike, ambaye hayumo kwenye maongezi ya baada ya mpira. Kurasa tupu zinakuambia mahali ambapo wewe hujaenda, kwa hiyo panda gari ukamwone akifanya kazi.

*Angalizo:* daftari hili si mtego. Ukiona kosa leo, mwambie leo.

Hatua ya 3: Sikiliza walio chini yake na wenzake

Kuna ofisa anayeng'aa akitazamwa kutoka juu na kuunguza akitazamwa kutoka chini. Taarifa zake zinafika kwa wakati, saluti yake imenyooka, na askari wake wanaomba uhamisho. Ukimtazama kutoka ofisini kwako tu hutamjua.

Jeshi la Marekani lililitambua tatizo hili. Mwaka 2020 wanaowania ukamanda wa batalioni walianza kupelekwa Fort Knox, Kentucky, badala ya kuchaguliwa kwa kusoma majalada peke yake. Huko walipimwa mwili, wakaandika insha, wakapimwa fikra na tabia, na maoni ya wenzao na ya waliowahi kuwa chini yao yakakusanywa. Mahojiano yao na jopo yalifanyika pazia likiwa katikati, jopo lisimwone mtahiniwa wala mtahiniwa asilione jopo.

Wewe huna Fort Knox, lakini una sajinimeja wa kombania, una sajenti wa platuni, una maofisa wa idara anazofanya nazo kazi. Waulize kuhusu vitendo: "Mara ya mwisho askari wake alipofiwa, alifanya nini?" "Amri ikibadilika ghafla, huwaelezaje?" Swali la "unamwonaje?" litakuletea sifa au chuki, basi.

*Angalizo:* askari aliyeadhibiwa wiki iliyopita ana kinyongo, na ana haki ya kuwa nacho, lakini neno lake moja halitoshi. Tafuta kinachojirudia kwa watu wasiokaa pamoja.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya katikati ya mwaka

Nusu saa inatosha. Fungua yale mliyosaini, pitia moja moja, mwambie wazi palipopungua na anachotakiwa kufanya kabla ya Desemba. Kigezo ni hiki: ofisa asikutane na lawama yoyote kwa mara ya kwanza ndani ya ripoti yake. Ikiwa atakutana nayo, umekosa wewe.

Hatua ya 5: Andika ripoti

Weka daftari mezani, funga mlango. Iwe unaandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kila sentensi nzito ibebe kitendo, kipimo na matokeo.

Dhaifu: *"Ni ofisa hodari, mchapakazi na mwenye nidhamu ya hali ya juu."* Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote, na mjumbe wa bodi ameshaisoma mara nyingi asubuhi hiyo.

Nzuri: *"Alipokea platuni yenye magari manne kati ya kumi yanayotembea, ndani ya miezi sita yalikuwa tisa, kwa kuwafunza madereva wake matengenezo ya kila siku. Utaratibu wake sasa unatumika kombania nzima."*

Jihadhari na maneno yanayoua kimya kimya. "Anajitahidi" linasikika kama sifa, ila bodi inalisoma kama ilivyosoma ripoti za shule. "Ni mtulivu", "hana matatizo", "ni mtiifu" ni hivyo hivyo. Kama unataka kusema hajafikia kiwango, sema hajafikia kiwango gani, lini, na ulimwambia lini.

Tenganisha kazi aliyokwisha kuifanya na kazi anayoweza kuimudu kesho. Fomu ya Marekani inazigawa kabisa: mtathmini wa kwanza anaandika utendaji, wa pili anaandika uwezo wa mbele. Kuna kapteni mahiri wa kombania ambaye hafai unadhimu, na kuna wa kawaida kwenye kombania ambaye ukimpa mipango ya brigedi atakushangaza. Kwa hiyo taja kazi kwa jina: "apelekwe kozi ya ukamanda na unadhimu mapema", "apewe kombania", "abaki katika cheo hiki mwaka mmoja zaidi akiwa kwenye mafunzo". Kwenye vyuo vya unadhimu, Duluti kwa Tanzania au Karen kwa Kenya, nafasi ni chache, na sentensi yako ndiyo inayomtofautisha.

Yasiyoingia kwenye ripoti kabisa: kabila, dini, mkoa, ndoa, mimba, likizo ya uzazi, ugonjwa uliotibiwa, ukoo wake, siasa. Hata kwa kusifu. "Licha ya kuwa mama wa watoto wawili" ni sentensi ya kufutwa.

Kuhusu maofisa wanawake nitasema kidogo zaidi, kwa sababu upendeleo huu unaandikwa na watu wenye nia njema. Watafiti walipochambua tathmini za wanafunzi zaidi ya 4,000 wa Chuo cha Wanamaji cha Marekani, Annapolis, na kuchapisha matokeo 2018, walikuta alama za vipimo vya wazi zikilingana kati ya wanaume na wanawake, lakini maneno yakitofautiana. Sifa iliyotumika zaidi kwa wanaume ni ya uchambuzi wa mambo. Kwa wanawake ni ya huruma. Fikiria mwenyewe bodi inayotafuta kamanda itamchagua nani kati ya mchambuzi na mwenye huruma. Kenya ilivunja kikosi maalumu cha wanawake 1999 na kuwachanganya na wenzao, na Fatuma Ahmed akafika cheo cha Meja Jenerali 2018, kisha akawa Kamanda wa Jeshi la Anga 2024. Njia hiyo hupitia kwenye ripoti nyingi za miaka ya kapteni na meja.

Ukimaliza rasimu fanya jaribio hili: badilisha jina. Luteni Asha awe Luteni Juma, na Juma awe Asha. Kama kuna sentensi inayosikika ajabu, ifute uandike alichofanya.

Hatua ya 6: Panga madaraja

Hapa ndipo makamanda wengi wapya wanapokwama, kwa kuwa kumpa kila mtu daraja la juu kunaonekana kuwa ni wema. Lakini wote wakiwa wa kwanza, bodi haina la kusoma, itaamua kwa vitu vingine: nani anajulikana na nani, nani alisoma wapi. Wema wako utakuwa umemwangamiza yule mmoja aliyestahili kweli.

Fomu za Marekani zinazotumika tangu 2014 zinalizuia hili kwa hesabu. Mtathmini wa pili ana visanduku vinne, na kile cha juu kabisa hawezi kukitumia kwa nusu au zaidi ya maofisa wa cheo kimoja anaowatathmini. Hesabu yake inatunzwa, na akivuka kiwango hicho, mfumo unamrudisha. Ukiwa na makapteni watatu, wa juu anaweza kuwa mmoja tu. Inauma, lakini daraja linabaki na thamani.

Namna ya kupanga:

1. Kamilisha maandishi ya wote kwanza. Daraja lifuate maandishi.
2. Linganisha cheo na cheo. Luteni asishindanishwe na kapteni.
3. Walinganishe wawili wawili: "Kati ya A na B, nikiambiwa kesho mmoja achukue kombania kwenye operesheni, nampa nani, na ukurasa gani wa daftari unanipa sababu?" Sababu isipopatikana kwenye daftari, huenda ni mapenzi tu.
4. Rudia siku ya pili bila kutazama orodha ya jana. Waliobadilika nafasi ndio wa kufikiriwa upya.

*Angalizo:* usimpe daraja la juu ofisa kwa sababu tu bodi yake iko karibu, huku ukimwambia kijana bora kuliko yeye "zamu yako itafika". Desturi hii inaonekana ya kiungwana, lakini ni kuchukua haki ya mmoja kumpa mwingine, na huyo kijana anaweza asiwe chini yako mwakani.

Hatua ya 7: Mpe asome, asaini, ajibu

Msomee ana kwa ana. Mweleze kwamba saini yake maana yake ameiona na taarifa zake ni sahihi, wala si kukubali kila neno. Ripoti ikiwa na jambo baya, mpe siku za kuandika majibu yake, na majibu hayo yaende pamoja nayo. Ndivyo kanuni ya Marekani inavyotaka kwa ripoti mbaya, na ni ustaarabu mahali popote.

Hatua ya 8: Siku utakapokaa kwenye bodi

Kubalianeni vigezo kabla ya kufungua jalada la kwanza. Kama kuna ndugu yako, mkwe wako au mliyekosana, sema na ujitoe kwenye jalada hilo. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, maana jenerali akisema kwanza, kanali hana tena maoni.

Ondoeni picha. Julai 2020 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Mark Esper, aliagiza picha ziondolewe kwenye majalada yanayopelekwa bodini, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bila picha wanawake na maofisa wa jamii za wachache walifanya vizuri zaidi.

Suala la uwiano wa makabila na mikoa litakuja, na Kenya limo kwenye Katiba ya 2010: ibara ya 241 inataka ukamanda wa majeshi uakisi maeneo na makabila ya nchi. Mimi naamini uwiano wa haki hujengwa miaka kumi kabla ya bodi, pale mnapogawa kombania, kozi na safari za ulinzi wa amani. Anayenyimwa kombania akiwa kapteni hana cha kuandikiwa akiwa meja, na siku ya bodi mnaanza kubishana juu ya kabila lake kwa sababu jalada lake limenyimwa mengine yote.

Mambo yakikwama

*Ofisa amekaa chini yangu wiki chache tu.* Usimwandikie ripoti kamili. Marekani wanataka angalau siku 90 chini ya mtathmini wa kwanza. Omba maelezo ya maandishi kwa kamanda aliyemtoa.

*Alikuwa kwenye ulinzi wa amani, chini ya kamanda wa nchi nyingine.* Hutokea mara nyingi, mfano kwenye brigedi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa huko mashariki mwa Kongo, ambako kuanzia 2013 Watanzania walihudumu pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi. Kabla hajaondoka, mtajie kwa barua atakayemtathmini huko na unachotaka kujua. Akirudi mikono mitupu, mtafute kamanda huyo mapema, kabla naye hajarudi kwao.

*Mkubwa wangu ananiambia nibadilishe daraja.* Msikilize, huenda anajua usilolijua. Asipokuwa na tukio la kukuonyesha, mwambie kwa heshima: "Afande, sehemu yangu nimeandika nilichokiona. Sehemu yako ipo kwenye fomu." Kisha hifadhi daftari lako vizuri.

*Anachunguzwa kwa tuhuma, uchunguzi haujaisha.* Tuhuma isiingie. Andika yaliyothibitishwa tu. Likija kuthibitika, kanuni nyingi zina njia ya kuongeza baadaye.

*Ni rafiki yangu, tulikuwa intake moja.* Mjulishe mtathmini wa pili kwa maandishi, umwombe asome daftari pamoja na rasimu. Yuko nje ya urafiki wenu, ataona ulipozidisha na ulipopunguza kwa kuogopa kuonekana unapendelea, maana hilo nalo hutokea.

*Ripoti imeshakwenda, nimegundua nimekosea.* Andika barua ya kusahihisha leo, ukieleza kosa na ushahidi. Marekani ofisa ana miaka 3 ya kukata rufaa juu ya maudhui ya ripoti, na barua ya mtathmini anayekiri kosa ni ushahidi mzito.

*Amekosa cheo, amesimama mlangoni anauliza kwa nini.* Mkaribishe, usimfiche nyuma ya "bodi imeamua". Anza na hesabu: vyeo vya juu ni vichache kuliko wanaovistahili. Sheria ya Marekani ya 1980 ya kusimamia maofisa ilikuja na mwongozo wa takriban asilimia 80 kupanda kuwa meja, 70 kuwa luteni kanali na 50 kuwa kanali; maana yake nusu ya maluteni kanali, wengi wao wazuri, hawafiki ukanali. Kisha fungua nakala za ripoti zake, mziweke mezani, na mtafute pamoja kipi kinakosekana: kozi, ukamanda, au kazi aliyoifanya ambayo hakuna aliyeiandika. Ikiwa ni hilo la mwisho na mwandishi ulikuwa wewe, mwambie, kisha uanze ukurasa wake wa mwaka huu siku hiyo hiyo.